Kozi Ionekane Mwaka Mzima, Awamu Ndiyo Ifungwe

Naratibu kozi fupi kwenye kituo cha mafunzo ya ufundi huku Temeke: ushonaji, umeme wa majumbani, ufungaji wa sola, upishi, na kompyuta kwa wanaoanza. Mtu akisikia mratibu anafikiria ratiba, wakufunzi na vyeti. Hayo yapo. Lakini kazi iliyonifundisha zaidi kwa miaka hii ni kuamua kozi gani ionekane kwenye tovuti yetu, ionekane na nani, na usajili wake uwe wazi kuanzia lini mpaka lini. Wakubwa wengi wanaiona ni kazi ya kijana wa kompyuta. Mimi naiona ni kazi ya mtu anayekaa mapokezi, maana yeye ndiye anayetazamana na watu wakishafika.

Nilipoanza, kuonekana kwa kozi na kupokea wanafunzi vilikuwa kitu kimoja. Kozi ikitangazwa, inapandishwa mtandaoni na usajili wake unafunguka papo hapo. Darasa likijaa, agizo linakuja: ishusheni. Ikishashushwa haionekani popote, hata kwa mtu aliyeihifadhi kwenye simu yake. Basi zinaanza simu. "Samahani, ushonaji mmeacha kufundisha?" Hatukuwa tumeacha. Wanafunzi walikuwa darasani muda huohuo, ukisikiliza vizuri unasikia vyerehani. Lakini mtu aliyeko Chanika au Kisarawe atajuaje? Anachokiona ni kwamba jana kozi ilikuwepo na leo haipo. Anaamua kwamba imefutwa, anakwenda kumlipa fundi wa mtaani amfundishe, na sisi tumempoteza mwanafunzi aliyekuwa tayari kusubiri miezi mitatu.

Na kulikuwa na upande wa pili, mbaya zaidi: siku ambazo hakuna aliyekumbuka kuishusha.

Kuna binti alikuja kutoka Mkuranga. Ilikuwa kabla ya Juni 2019, rambo bado hazijapigwa marufuku, maana naikumbuka ile ya bluu aliyoibeba: ndani mna kitenge kilichokunjwa vizuri, futi ya kupimia, na mkasi mpya bado umefungwa kwenye karatasi ya dukani. Alifika kabla ya saa mbili, geti dogo bado limefungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Nimekuja kuanza ushonaji. Jana usiku nimeangalia kwenye simu ya kaka, imeandikwa nafasi zipo."

Tuna vyerehani 16. Waliokuwa darasani walikuwa 16, na awamu ilikuwa imeshaingia wiki ya pili, wameshamaliza kupima na wanakata patani. Nikamweleza. Akauliza kama anaweza kukaa pembeni aangalie tu. Nikamwita mkufunzi, tukatazamana, wote tukajua kwamba mtu anayejifunza kushona kwa kuangalia wenzake atalipa ada na kutoka bila ufundi. Yule binti alisema neno moja ambalo mpaka leo nalitumia kwenye vikao nikitaka watu wanielewe: "Ningejua imejaa ningesubiri, mama. Nauli yenyewe nimeazima."

Kwa hiyo kumficha mtu taarifa kunamuumiza, na kumwachia taarifa iliyopitwa na wakati kunamuumiza pia. Msimamo wangu ukatokea hapo. Kozi, kama somo tunalolifundisha, ionekane mwaka mzima. Kinachofunguliwa na kufungwa ni awamu.

Kulisema ni rahisi, kulifanya kunahitaji ujue mfumo unavyofikiri. Sisi tunatumia Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni, iliyoanzishwa Australia na Martin Dougiamas. Toleo lake la kwanza lilitoka 2002, haina ada ya leseni, na ndiyo maana taasisi ndogo kama yetu inaimudu. Ukiingia kama msimamizi kwenye ukurasa wa kusimamia kozi, unaona kila kozi ina alama ndogo ya jicho pembeni yake. Ukibofya, jicho linapigwa mstari na kozi inafichika. Inavutia kwa urahisi wake. Ndiyo maana kila aliyepewa ruhusa ya msimamizi, jambo la kwanza analojifunza ni lile jicho, na wengi hawajifunzi la pili.

Jicho lile halisemi "usajili umefungwa". Linasema kozi hii waione wakufunzi na wasimamizi peke yao. Mwanafunzi aliyelipa, aliyeko katikati ya masomo, mwenye kazi ya kukusanya Jumatatu, naye anafungiwa nje. Iliwahi kutokea Ijumaa jioni: mtu wa ofisini, kwa nia njema kabisa, alifumba jicho la darasa la umeme kwa sababu lilikuwa limejaa na hakutaka watu waendelee kuuliza. Ilipofika magharibi, grupu la WhatsApp la darasa lile lilikuwa limewaka moto. Mmoja anasema tumefukuzwa, mwingine anauliza ada yake itarudishwa lini, wa tatu ameshapiga simu nyumbani kwa mkufunzi. Hakuna kilichopotea, kazi zao zote zilikuwepo, jicho likafumbuliwa na mambo yakarudi yalivyokuwa. Lakini ule usiku mmoja wa wasiwasi kwa mtu aliyekopa ada si jambo la kulichukulia kirahisi.

Chini ya jicho la kozi kuna ngazi nyingine ambayo watu hawaifikii. Ndani ya kila kozi kuna orodha ya njia za kujiandikisha: kuandikishwa kwa mkono na msimamizi, kujiandikisha mwenyewe, kuingia kama mgeni. Kila njia ina jicho lake na pipa lake la taka. Hapa ndipo ninapomkalisha kila mfanyakazi mpya na kumwonyesha polepole. Ukifumba jicho la njia ya kujiandikisha mwenyewe, hujawazuia wapya tu. Wote walioingia kupitia njia ile wanazuiwa kuingia darasani, ingawa kazi zao zinabaki. Ukibofya pipa la taka, wanaondolewa kwenye kozi kabisa, pamoja na alama zao na makundi waliyopangwa. Pipa lile kwetu haliguswi na mtu yeyote awamu ikiwa inaendelea. Nimeandika kwa kalamu nene, nikabandika juu ya kompyuta ya ofisi.

Unachotakiwa kufanya ni kufungua mipangilio ya njia yenyewe. Mle ndani kuna mahali pa kuruhusu au kutoruhusu wanaojiandikisha wapya. Weka "hapana" pale. Waliomo wanaendelea na masomo yao kama kawaida, walio nje wanaiona kozi na maelezo yake, ila hawaingii. Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta tulipokuwa tunapandisha na kushusha kozi nzima, na muda wote kilikuwepo.

Baada ya hapo tulipanga upya kila kitu. Kila kozi sasa ina ukurasa mmoja wa wazi wenye anwani isiyobadilika: inafundisha nini, inachukua muda gani, ada, vifaa vya kuja navyo, nani anafaa. Ukurasa huo haufichwi maadamu bado tunafundisha somo hilo. Nyuma yake kila awamu ina darasa lake kwenye Moodle, ya Januari peke yake, ya Aprili peke yake, na hayo ndiyo tunayoyafungua na kuyafunga. Juu ya ukurasa wa wazi unakaa mstari mmoja tu unaobadilika: usajili uko wazi mpaka tarehe fulani, au nafasi zimejaa, awamu ijayo ni Aprili, usajili utafunguliwa tarehe fulani. Mtu wa Mkuranga akiusoma mstari huo anajua kama apande daladala ya Mbagala Rangi Tatu au abaki na nauli yake.

Kuficha kuna mahali pake, sikatai. Kozi ambayo idhini yake haijatoka haipaswi kuonekana. Kozi ambayo mkufunzi wake bado anajadiliana mshahara na sehemu nyingine haipaswi kuonekana. Tulipokuwa tunaandaa ile ya sola, ilikaa imefichwa miezi kadhaa huku wakufunzi wakipakia masomo na picha, na kila aliyeuliza "mbona hamtangazi" nilimjibu hivyohivyo: paneli za mazoezi hazijafika. Ukishaonyesha kitu umeahidi. Kuna mkubwa mmoja alitaka tuionyeshe mapema "kupima soko". Nilimpinga na ningempinga tena, kwa sababu ukiwaalika watu mia kwenye kitu ambacho hakipo, mwaka mzima utakuwa ukiomba radhi.

Suala la idadi lina mtego wake. Moodle ina sehemu ya kuweka ukomo wa watu kwenye kujiandikisha mwenyewe, na ukiandika 16 unaona umemaliza. Ukomo ule unawahesabu walioingia kwa njia hiyo tu. Mwanafunzi aliyelipa dirishani na kuandikishwa kwa mkono na karani hayumo kwenye hesabu. Dirishani wakiandikishwa watano, mtandao nao ukijaza 16 zake, una watu 21 kwenye vyerehani 16, na siku ya kwanza ya darasa watano wanasimama. Mfumo hautakuonya. Kwa hiyo tunagawanya nafasi kabla ya kufungua: mtandaoni 10, dirishani 6, na karani hajazi nafasi ya saba hata mtu akija na barua ya nani.

Ule mgawanyo ulianza kwa sababu ya hesabu, lakini nimeung'ang'ania kwa sababu nyingine. Zamani usajili ulikuwa unafunguliwa saa sita usiku, tarehe ikibadilika tu, kwa vile ndivyo mfumo ulivyopangwa. Kulipokucha nafasi zilikuwa zimeisha. Ukitazama majina yaliyoingia unaona ni vijana wa mjini, wenye simu nzuri na bando la usiku, wengine tayari wana kazi na wanataka cheti cha kuongezea. Mama wa Chamazi mwenye kiswaswadu, anayeuza maandazi alfajiri na aliyedunduliza ada kwenye kikoba, hakuwa na nafasi hata moja ya kushindana nao. Hakuna aliyemnyima. Saa ya kufungua ndiyo iliyomnyima. Sasa tunafungua saa mbili asubuhi siku ya kazi, mtandaoni na dirishani kwa pamoja, na zile nafasi 6 za dirishani zinabaki za dirishani mpaka zimalizike au mpaka siku tatu kabla ya darasa kuanza. Nimeambiwa huo ni upendeleo. Kwa maoni yangu upendeleo ulikuwa ule wa usiku.

Hiyo saa mbili asubuhi nayo ilitupa shida. Seva tuliyoikodi iko nje ya nchi, na saa yake ilikuwa imeachwa kwenye saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ukiandika kwenye mfumo 08:00, mlango unafunguka huku kwetu ikiwa saa tano asubuhi. Bango limesema saa mbili, watu wamekaa na simu mkononi tangu saa mbili, kitufe hakipo. Wanaburuza ukurasa upya, wanapiga, wengine wanadhani nafasi zimeisha ndani ya dakika moja na wanaanza kusema kwamba nafasi zimegawiwa ndugu. Shutuma hiyo hata ukiieleza haifutiki. Moodle ina mahali pa kuweka ukanda wa saa wa mfumo mzima, na kila mtumiaji ana wa kwake kwenye wasifu. Vyote viwili viangaliwe, kwa sababu msimamizi mwenye wasifu wa saa za Ulaya ataandika saa kwa macho yake. Na mpaka leo, dakika chache kabla ya kufungua, naingia kwa akaunti ya kawaida isiyo na madaraka yoyote, kwa simu, kwa bando langu, nione anachokiona mwombaji. Ukiingia kama msimamizi unaonyeshwa hata vilivyofichwa, hivyo macho ya msimamizi si ya kuaminiwa hapo.

Malipo ndiyo sehemu ambayo bado tunaifanya kwa mikono, na sioni aibu kwa hilo. Mtu akijiandikisha mtandaoni nafasi inashikwa saa 72, alipe kwa lipa namba. Hapo juu ya karatasi ni rahisi. Katika maisha, muamala unakuja kwa jina la shemeji, au la mume, au la mwenyekiti wa kikundi, na kiasi ni nusu ya ada kwa sababu nyingine itakuja mwisho wa mwezi. Tuliwahi kushauriwa tuache mfumo umwondoe mtu mwenyewe zikifika saa 72. Nilikataa. Kwanza karani anapiga simu. Mara nyingi pesa imeshaingia, ni jina tu halifanani. Asipopokea, tunatuma ujumbe na kumpa mpaka jioni ya siku inayofuata, ndipo nafasi inakwenda kwa anayesubiri.

Mabango ya WhatsApp ni somo lake. Ukishatuma bango, si lako tena. Kuna lile la kozi ya upishi lililosema "Mafunzo yanaanza tarehe 8 Januari, wahi nafasi", bila mwaka. Mwaka uliofuata, Desemba, likaanza kuzunguka tena kwenye magrupu ya mitaa, misikiti na makanisa, na watu wakawa wanakuja na tarehe isiyokuwepo na ada iliyokwishapanda. Huwezi kulifuta bango lililoko kwenye simu za watu. Unachoweza ni kulifanya lisidanganye likizeeka: mwaka uandikwe kamili, ada isiandikwe, na kiungo kipeleke kwenye ule ukurasa wa kozi usiobadilika, kamwe kisipeleke kwenye awamu. Bango la miaka miwili iliyopita likibofywa leo linamfikisha mtu kwenye mstari wa leo. Kwa wenye kiswaswadu tunaweka namba ya simu ya ofisi. Siweki ya mfanyakazi, kwa sababu mfanyakazi huondoka na namba yake.

Mwaka 2020 ndio ulioupima mpango huu. Machi serikali ilipofunga shule na vyuo kwa ajili ya korona, tulikuwa na awamu inayoendelea na nyingine inayosajili. Rai ya kwanza kwenye kikao ilikuwa tufiche kila kitu mpaka mambo yatulie. Nikasema tukificha, watu waliolipa watadhani tumekimbia na pesa zao. Tukazuia usajili mpya wa kozi zote, tukaacha kurasa zote zionekane, na ule mstari wa juu ukawa unasema masomo yamesimama kwa agizo la serikali, waliolipa nafasi zao ziko palepale, tarehe mpya itatangazwa hapahapa. Maneno hayo yalikaa mpaka vyuo viliporuhusiwa kufunguliwa tarehe 1 Juni. Wale wa umeme waliendelea kuingia kwenye Moodle na kusoma nadharia, kwa kuwa hatukugusa jicho. Wa ushonaji walikuwa na shida zaidi, cherehani haipitishwi kwenye simu. Lakini hakuna aliyekuja getini kuuliza kama tupo. Mhasibu alikuwa amejiandaa kurudisha ada nyingi, zikarudishwa chache.

Tarehe zinazotegemea mwezi pia zinataka utaratibu huo. Awamu inayotakiwa kuanza baada ya Idi, siandiki tarehe mapema nikaja kuibadilisha. Naandika itaanza Jumatatu ya kwanza baada ya Idi, na kwenye mfumo naweka mwisho wa usajili siku chache kabla. Kila mtu hapa anaelewa.

Halafu kuna wanaokuja kwa vikundi. Vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, kwa mfano, vinakuja vimekwishalipiwa au vinalipa pamoja, na vinataka nafasi za uhakika. Kwao tunaongeza njia ya pili ya kujiandikisha kwenye darasa lilelile, yenye neno la siri lake na ukomo wake, tofauti na ile ya watu wote. Neno hilo anapewa kiongozi wa kikundi. Litavuja, hilo ulijue kabisa. Ndani ya saa moja liko kwenye grupu, na jirani wa mwanakikundi amejiandikisha. Ukilibadilisha, walioingia kihalali hawaathiriki, ila aliyeingia kwa kuvuja anabaki pia, hivyo orodha ya kiongozi na orodha ya mfumo zinalinganishwa jina kwa jina siku hiyohiyo. Mara moja jina lisilokuwepo kwenye orodha ya kikundi lilikuwa la mama mlemavu ambaye kikundi kilikuwa kimemsahau kumwandika. Tungemfuta bila kupiga simu, tungemfuta mtu mwenye haki.

Orodha ya wanaosubiri tunaiweka nje ya Moodle, kwenye daftari la ofisi na faili moja lenye nywila. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, nimekuwa mkali kuhusu hilo. Awali fomu ya kusubiri ilikuwa ikiomba namba ya NIDA, dini, idadi ya watoto, kana kwamba mtu anaomba mkopo. Anayesubiri nafasi ya kushona anahitajika jina, simu, kozi na awamu anayoitaka. Basi. Awamu ikianza, majina ya walioamua kutosubiri tena yanafutwa. Na orodha haibandikwi ukutani yenye namba za simu, maana akina dada wameshawahi kusumbuliwa usiku na watu waliozinakili namba hizo pale ukutani.

Jambo ambalo bado tunabishana ofisini ni kuonyesha idadi ya nafasi zilizobaki. Wenzangu wa masoko wanataka ukurasa useme "zimebaki 3", na wana hoja: watu wakiona hivyo wanalipa haraka. Nami nimewaona wanaolipa haraka. Mmoja aliuza simu yake. Mwingine alichukua mkopo wa mtaani, ule wa riba ya kila wiki, kwa sababu alidhani akikosa leo amekosa moja kwa moja, wakati awamu nyingine ilikuwa inakuja baada ya miezi mitatu, ada ileile, mkufunzi yuleyule. Namba ni ya kweli, nakubali. Ila ikisimama peke yake bila tarehe ya awamu ijayo, inamsukuma mtu kwenye uamuzi ambao asingeufanya akijua yote. Nimependekeza kama lazima iwekwe, basi iandikwe na tarehe ya awamu inayofuata kwenye mstari huohuo, kwa ukubwa uleule wa herufi. Wenzangu wanasema hiyo inaua haraka yenyewe. Tutakaa tena kabla ya kufungua awamu ya Januari; kwa sasa ukurasa unasema uko wazi au umejaa, na awamu ijayo ni lini.